Pini kwenye Kisigino

Mchana nilikuwa naweza kuvumilia. Kulikuwa na wateja, malori ya barabara ya Gulu yakipita, na watoto wa jirani wakija kuomba vitambaa vya kushonea mipira. Usiku ndio ulionishinda. Nikishazima taa tu, nyayo zinaanza kuwaka, kama mtu anazipitishia pasi ya makaa taratibu, huku na huku, bila kuinua mkono. Shuka likinigusa vidole nashtuka. Nilijifunza kulala miguu ikiwa nje ya shuka, mbu wakijilia.

Nilikuwa nashonea nyumbani, hapa Bombo, kwenye kibaraza cha nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu, aliyekuwa askari. Gomesi, kanzu, sare za shule. Cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga. Ugonjwa wa sukari niliuzoea tangu zamani na metformini nilimeza kila siku, asubuhi na jioni. Ila hili la miguu lilikuja polepole: kwanza ganzi kwenye vidole, tena miguu yote miwili kwa pamoja, halafu kuchomwachomwa, halafu moto, ukapanda hadi kwenye vifundo.

Watu walinisaidia kwa walichokijua. Jirani mmoja, mama mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia nimetegewa, nimekanyaga kitu njiani, niende kwa mtu wa kunitazamia. Mwingine akaniletea majani ya kuchemsha niloweke miguu. Duka moja la dawa lilikuwa likinidunga diklofenaki, dawa ya maumivu, kila nilipolalamika, na sikuona tofauti yoyote. Baadaye nilielezwa kwamba dawa za aina hiyo hazitulizi maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu, na kwamba kwa mwenye sukari, zikitumiwa mara kwa mara zinaweza kuumiza figo.

Lililoniuma zaidi lilikuwa kutoaminiwa. Miguu yangu ilionekana mizima. Haikuvimba, haikuwa na kidonda. Shemeji yangu alinikagua siku moja akasema, "Hajati, mbona miguu hii ni ya msichana?" Sikuwa na la kumjibu. Mtu aliyevunjika mkono anaonyesha plasta. Mimi nilikuwa na maneno tu, na maneno ya mjane anayelalamika kila siku huchosha watu.

Binti yangu, anayefanya kazi Kampala, alikuja kulala kwangu wikiendi moja. Usiku wa manane akanisikia natembea uani peku, natafuta sehemu ya saruji iliyopoa. Hakuniuliza mengi. Alikaa kwenye kizingiti akanitazama nikienda na kurudi, kisha akasema, "Mama, Jumatatu tunakwenda Mengo."

Tulipanda teksi ya alfajiri. Matugga tulipita vizuri, Kawempe tukaanza kusimama, na Bwaise mvua ilikuwa imenyesha, maji yamejaa barabarani kama kawaida ya pale. Kutoka mjini bodaboda ikatupandisha kilimani. Hospitali ya Mengo ni ya tangu 1897, ilianzishwa na daktari Mwingereza, Albert Cook, na mama yangu alipenda kusema kwamba shangazi yake alizalia huko. Tulikaa kwenye foleni hadi jua likawa kali.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mzaliwa wa Koboko, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na hilo peke yake lilinipunguzia mzigo. Alipima presha na sukari. Kisha akasema jambo ambalo miaka yote ya kuhudhuria kliniki hapa na pale sikuwahi kuambiwa: "Mama, vua viatu na soksi. Nataka kuona nyayo."

Akachuchumaa, akauchukua mguu wa kulia akauweka juu ya goti lake, akapekua katikati ya vidole kimoja baada ya kingine. Alipofika kwenye kisigino akanyamaza. Akaomba kibano. Nilimwona akivuta kitu, akakiweka kwenye kisahani cha chuma, kikalia ting.

Ilikuwa pini. Pini yangu ya kushikizia pindo, kichwa kimevunjika, imeshika kutu. Tundu lilitoa usaha kidogo. Binti yangu akaziba mdomo kwa leso yake.

"Imekaa humo tangu lini, mama?"

Sikujua. Nilitazama kile kisahani nikahisi mwili unanisisimka. Miguu inayonikosesha usingizi, isiyotaka hata kuguswa na shuka, ilikuwa imebeba chuma ndani yake na haikuniambia.

Nikamwuliza muuguzi hivyohivyo. Akasema, "Ngoja nikuonyeshe." Akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni kwenye ncha. Akaubonyeza kwanza mkononi kwangu ili niujue. Uzi ule umetengenezwa ujipinde ukifikia nguvu ya gramu 10, na mtu mwenye neva nzima anauhisi. Mimi nimeshika nyuzi maisha yangu yote. Huo haukuwa mwembamba hata kidogo. Akaniambia nifumbe macho, kila nikiguswa niseme ndiyo.

Nikafumba. Nikasubiri. Nikasubiri tena.

"Bado hujaanza?"

"Mguu wa kulia nimeshaumaliza, mama."

Kisha akagonga chuma chenye umbo la uma, akaniwekea kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu. Kilikuwa kikivuma, masikio yaliniambia. Kidole hakikuniambia lolote. Alipokihamishia kwenye kifundo cha mkono, mtetemo ulinipanda hadi kwenye kiwiko.

Daktari alikuwa kijana, lakini alizungumza bila haraka, muuguzi akitafsiri palipokuwa na ugumu. Alisema sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva pamoja na vijishipa vidogo vya damu vinavyozilisha. Neva ndefu kuliko zote ndizo zinazofika miguuni, kwa hiyo ndizo zinazoanza kuumia. Neva iliyojeruhiwa hupeleka kichwani habari ya moto ambao haupo, na wakati huohuo habari ya kweli, ya pini, ya jiwe kwenye kiatu, ya maji yanayounguza, haifiki. "Vyote viwili ni ugonjwa mmoja," alisema. "Maumivu yako ni ya kweli, mama. Hujisingizii."

Nililia pale. Sikulia kwa sababu ya pini.

Kabla ya kuandika dawa aliuliza kama nina shida ya moyo, kama mkojo unatoka vizuri, kama nina presha ya macho. Kisha akaandika amitriptilini, nusu ya kidonge cha miligramu 25, usiku. Binti yangu akaishika ile karatasi akakunja uso: "Daktari, si dawa ya watu wenye huzuni hii? Mama yangu ana akili zake timamu." Daktari akamweleza kwamba ndivyo ilivyoanza, lakini kwa kiasi kidogo inatuliza neva zinazopiga kelele. Ingenikausha mdomo, ingenilevya kidogo asubuhi, na nisiamke kitandani kwa kuruka. Wala isingeziponya neva. "Tukiyapunguza maumivu kwa nusu, tumefanya kazi kubwa," alisema. Napenda daktari anayesema hivyo kuliko yule anayeahidi.

Alipima damu kuona vitamini B12, maana metformini ikimezwa kwa miaka inaweza kuishusha, na upungufu wake nao huumiza neva. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa juu sana, lakini alitaka tuishushe hatua kwa hatua. Ikishuka kwa ghafla maumivu yanaweza kuzidi kwanza. Matoke hakuninyima. Alinichorea sahani, akaonyesha matoke yaishie wapi na mboga zianzie wapi. Nilidungwa sindano ya pepopunda, nikapewa viuavijasumu kwa ajili ya lile tundu, na viatu vya wazi vikapigwa marufuku kwenye kibaraza changu.

Tuliporudi Bombo, mwanangu wa kiume alivunja spika ya redio iliyokufa, akatoa sumaku, akaifunga kwenye ncha ya mti wa ufagio. Kila jioni nikifunga kazi naipitisha sakafuni, na ukiona zinavyorukia huko, pini, sindano, vipande vya zipu, utaogopa. Kitandani tuliweka tenga chini ya shuka, upande wa miguu, shuka likae juu bila kunigusa. Maji ya kutawadha nayapima kwa kiwiko. Mjukuu wangu wa kike ndiye mkaguzi: kabla ya kulala anamulika nyayo kwa tochi ya simu, vidole vyote, na akiona hata mchubuko anaita nyumba nzima. Mafuta napaka, isipokuwa katikati ya vidole, kwa sababu hapo unyevu huleta fangasi.

Jirani yule mtu mzima alikuja kuniona. Nilimwonyesha ile pini. Muuguzi alinipa nikiwa nimeiomba, ndani ya kichupa. Aliigeuza mwangani kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata alikuja tena, akaketi, akavua sendo zake bila kuambiwa, akaniuliza siku za kliniki ni zipi. Naye ana sukari, na alikuwa hajawahi kumwambia mtu.

Nilipomrudia daktari, aliniuliza maumivu ya usiku ni ngapi kati ya kumi. Mara ya kwanza nilikuwa nimemwambia tisa. Nikafikiri vizuri, sikutaka kumfurahisha tu.

"Tano," nikasema.

"Tano inakutosha, mama?"

"Hapana. Nataka tatu."

Akacheka, akachukua kalamu, akaandika kidonge kizima.