Jumapili nitanyoosha mkono Maalim abadilishwe

Jumapili tuna mkutano wa timu yetu ya hoki, mpira wa magongo, na ajenda ni moja tu: kocha wetu, Maalim, abaki au aondoke. Wiki nzima sina mazungumzo mengine. Hata pale Jaws Corner, ambako kahawa hunywewa kwa siasa na kandanda, juzi niliulizwa, "Nyinyi wa magongo vipi, mbona kila wiki mnafungwa?" Kabla sijajibu, mwengine akanijibia: mfukuzeni kocha.

Jawabu hilo silipendi linavyotolewa. Kufungwa peke yake si hoja. Kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Tanzania ilifungwa na India mabao 18 kwa 0, na India hiyo ndiyo iliyoondoka na dhahabu. Kocha gani angeyazuia mabao yale? Tangu Montreal 1976 hoki ya Olimpiki inachezwa kwenye nyasi bandia, mpira unakwenda kasi na hauruki ovyo. Vijana wetu wengi wamekulia kwenye viwanja ambavyo mpira hudunda utakavyo wenyewe. Pengo la namna hiyo haliwi deni la mtu mmoja.

Kwa hiyo swali ninalojiuliza ni jengine: tunajifunza? Na hapo ndipo roho inaponiuma. Msimu huu mabao mengi tunafungwa kwa penalti kona, yaani mpira wa adhabu ambao wapinzani huutoa kutoka mstari wa goli letu. Mnasimama watano nyuma ya mstari wa goli, kipa akiwemo, wenzenu wote wako mstari wa kati. Mpira ukishatolewa, mmoja anatoka mbio kumkabili mpigaji, mwengine anabaki kwenye mwamba, na kila mmoja anajua kazi yake. Sisi bado tunatoka wawili kumfuata mtu mmoja, upande wa pili tunauacha wazi. Ilitokea mwanzo wa msimu, imetokea tena wiki iliyopita, vilevile. Mazoezini tunazunguka uwanja, tunapigiana pasi, tunagawana timu mbili tunacheza, tunakwenda zetu. Kona hatuigusi. Tumemwomba Maalim, anasema tutazoea. Hatujazoea.

Ndugu yangu aliyeko Toronto ndiye aliyenitia kwenye hoki ya barafu, na huko mifano ipo ya kila upande. Timu ya St. Louis Blues ilimwondoa kocha wake Mike Yeo Novemba 2018, timu akapewa Craig Berube. Juni 2019 wakaifunga Boston katika mechi ya saba ya fainali na kubeba Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa ligi yao ya NHL, la kwanza katika historia yao. Wanaotaka Maalim aondoke hufurahi sana nikiwasimulia hayo. Lakini msimu huohuo Tampa Bay walishinda mechi 62 kati ya 82, kisha wakatolewa na Columbus raundi ya kwanza ya mtoano bila kuambulia hata mechi moja. Kocha wao Jon Cooper hawakumgusa, na kombe wakalichukua 2020 na tena 2021.

Tofauti ninavyoiona mimi, Tampa walikuwa na mafunzo yaliyokwisha kuonekana msimu mzima, wakaharibikiwa kwa siku chache. Sisi hakuna tulichokijenga ambacho tunaogopa kukivunja. Ndiyo maana nitanyoosha mkono.

Lakini asifukuzwe. Huyu ndiye aliyenifundisha kushika gongo, na mpaka leo sijaona mtu mwenye subira na watoto kama yeye. Mtoto wa skuli asiyejua kusimamisha mpira, baada ya muda mfupi kwa Maalim anatuliza na kupiga pasi. Nitapendekeza apewe watoto rasmi, kwa heshima zake zote, na timu kubwa tumtafutie mtu anayeujua mchezo wa sasa. Na asilisikie hili barazani. Jumamosi baada ya Alasiri nitakwenda kwake mwenyewe, nimpe shikamoo yake, nimwambie. Akikasirika ana haki.

Kuna jengine nitalishikilia mkutanoni. Huyo atakayekuja asianze kuhesabiwa vipigo baada ya mechi tatu. Berube alikuwa na timu zaidi ya mwezi mzima, na Januari 3, 2019 Blues walikuwa wa mwisho katika ligi ya timu 31. Ndipo kipa Jordan Binnington, ambaye hakuwa na jina, akapewa goli. Nataka tukubaliane kabla ya kura kwamba mtu mpya atapewa msimu mzima, na kwamba sisi wachezaji tutafika mazoezini kwa wakati, maana hilo nalo halikuwa kosa la Maalim.