Kadi ya grafiki: kutoka nyuzijoto 91 hadi 64, na nusu milimita iliyonitesa

Imekubali. Jana usiku niliiachia Blender, programu ya kutengenezea picha za 3D, picha tatu za sebule ya mteja, dakika arobaini mfululizo, na kadi yangu ya grafiki, GTX 1060, haikuvuka nyuzijoto 64. Chumba chenyewe kilikuwa 31, ndiyo Dar ya Februari, madirisha wazi na upepo hakuna. Wiki mbili nyuma kadi hiyohiyo ilikuwa inagonga 91 chai yangu haijapoa.

Mwanzo wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Kadi ya mtumba, inapanda hadi 83, pale inapoanza kujibana yenyewe, na kasi inashuka kutoka megahezi 1,900 hadi 1,550 hivi. Nikapuliza vumbi kwa blowa, nikafungua zile skurubu nne zenye springi, nikakuta pesti, ile dawa ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu, imekauka kama chokaa ya ukutani. Nikasafisha kwa spiriti ya duka la dawa na kipande cha fulana kuukuu, nikapaka mpya. Pedi za memori, vile vipande laini vya kupitisha joto la chipu za memori, zilichanika wakati natoa hitisinki (chuma cha kupoozea kinachokaa juu ya chipu), basi nazo nikabadilisha. Hilo la pedi lishikeni, tutalirudia.

Nawasha, naanza kurenda, yaani kuiacha kompyuta ikokotoe picha kamili: 84, 88, 91. Sekunde hamsini tu! Mbaya kuliko ilivyokuwa na pesti kavu.

Nikaituhumu pesti. Nikaifuta, nikapaka tone la ukubwa wa punje ya choroko: 91. Nikapaka msalaba: 90. Nikasambaza yote kwa kadi kuukuu ya benki kama fundi anayepiga lipu: 91. Nikakaza skurubu kwa mshazari, robo mzunguko kwa robo mzunguko, hadi ncha ya bisibisi ikaanza kulika. (Zile seti za bisibisi 32 kwenye kiboksi ni za kupigia picha. Nunua moja nzuri ya msalaba, utanishukuru.) Siku ya tatu nilishaanza kuamini chipu imeungua, nikawa naangalia bei za kadi nyingine usiku wa manane.

Mara ya nne nilipoinua hitisinki, sikukimbilia kufuta. Nikaimulika kwa tochi ya simu. Pesti ilikuwa bado imekaa vilevile nilivyoisambaza, imelala kidogo tu juu, nene kama siagi kwenye mkate. Ikibanwa sawasawa inabaki utando mwembamba hadi chuma kinaonekana chini yake. Maana yake hitisinki ilikuwa haiigusi chipu. Ilikuwa imekalia pedi sita za memori kama sufuria juu ya mafiga, na chipu iko katikati inaungua peke yake.

Pedi nilizoweka ni za milimita 1.5, kwa sababu ndizo zilizokuwepo dukani. Sikupima. Nani anapima?

Tatizo likawa kuupima huo mwanya, maana rula haiingii mle. Nikaenda kwa fundi pikipiki wa hapo kona kumwazima fila, vile vibapa vya kupimia mwanya wa vavu.

"Kaka, kompyuta nayo siku hizi ina vavu?"

Nikamwambia hii yangu ina zaidi ya vavu. Nikaifunga hitisinki bila pedi, nikachomeka vibapa kutokea pembeni, kimoja kimoja. Cha 0.90 kinapita. Cha 0.95 kinagoma. Kwa hiyo pedi ya milimita 1 ikibanwa kidogo inagusa juu na chini, na chipu inapata haki yake. Nusu milimita! Nikakata mpya, nikafunga, nikawasha: 72, ikatulia hapohapo. Nilipiga kelele hadi mama akauliza jikoni kama ni goli.

Watu watasema ningejaribu kwa FurMark, programu ya kuitesa kadi makusudi. Siipendi. Inaikamua kadi kwa namna ambayo hakuna kazi yangu hata moja inayoikamua. Narenda faili langu lilelile kila mara, programu ya GPU-Z inaandika joto kwenye faili pembeni, halafu nalinganisha.

Mpango uliobaki ulikuwa kutengeneza mfereji wa bati wa kuingizia hewa ya nje moja kwa moja kwenye feni. Bati nilishanunua, michoro ipo. Lakini wakati nasubiri fundi mwenye mkasi wa bati nikafungua mchoro wa volti kwenye Afterburner, programu ya kurekebishia kadi (Ctrl na F), nikaifungia megahezi 1,850 kwenye milivolti 900, yaani kasi karibu ileile kwa umeme mdogo. Jaribio la kwanza kwa milivolti 875 liliangusha draiva, programu inayoiendesha kadi; la pili, la 900, likashika. Ndipo ikashuka hadi 64, na feni sasa naisikia nikizima redio tu. Picha ileile imechelewa sekunde sita.

Sasa nataka kuona kasi ya memori inapandishika hadi wapi. Lile bati mama ameshalitandika chini ya jiko la mkaa.