Albamu ya ukoo wetu: kanga, katani na barua za Maskati

Ukifungua kabati la mama yeyote mtu mzima pale Tanga, chini kabisa huko, chini ya kanga za akiba, lazima ukute bati la biskuti au mfuko wa rambo umejaa picha. Za studio, za harusi, kitambulisho cha marehemu, barua, cheti cha ndoa kimekunjwa mpaka kinataka kuachana vipande. Ndo kumbukumbu yote ya ukoo hiyo, na mara nyingi ni mtu mmoja tu anayejua nani ni nani humo ndani. Huyo mtu akiondoka basi, mnabaki na sura za watu msiowajua.

Kwetu mtu huyo ni shangazi mkubwa. Kwahiyo mimi na binamu zangu tumeamua tutengeneze albamu ya ukoo yeye akiwepo, ile ambayo wengine wanaita skrapubuku, yaani hubandiki picha peke yake, unaweka na barua, tiketi, kipande cha nguo, halafu pembeni unaandika kwa mkono habari yake. Na mimi kwenye hili nina msimamo, maneno ya pembeni ndo kazi yenyewe. Picha unaweza kupiga kopi hata elfu, ila kwanini bibi alivaa kanga ile siku ile, hiyo haimo kwenye picha, imo kwa shangazi.

Ngoja niwape mfano. Kuna picha ya babu amevaa kanzu na koti, amekaa kwenye kiti, upande mmoja imekatwa kwa mkasi na begani kwake umebaki mkono wa mwanamke una bangili. Miaka yote tunajua ni mkono wa bibi, hata baba alikuwa anajua hivyo. Nilipomuwekea shangazi ile picha mkononi akakaa nayo weee, halafu akaniambia, "Mwanangu, huyu sio mama yetu. Huyu ni mke wa kwanza wa baba, mtu wa Pangani." Kumbe wale tunaowaita ndugu wa Pangani, wanaokuja kila msiba na kila harusi na hakuna anayeeleza undugu wenyewe umetokea wapi, ni watoto na wajukuu wa yule mama! Sasa tufanyeje, tuitoe? Tukakubaliana ibaki hivyohivyo ilivyokatwa, tukawapigia wa Pangani, wakatutumia picha ya bibi yao akiwa mtu mzima, tumeziweka ukurasa mmoja na majina ya watoto wake wote chini. Nimefurahi kuliko nnavyoweza kusema, maana watoto wetu watakua wanajua wale ni damu yao.

Babu yeye alikuwa Mdigo, karani kwenye shamba la mkonge, na wakati ule Tanganyika ndo ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, Tanga nzima inakula kwa mkonge. Ukurasa wake tumeweka hati ya mshahara, picha ya kundi la wafanyakazi mbele ya korona, yaani ile mashine ya kuchakata mkonge, na singa za katani tumezisuka nyembamba tukazishona kwa uzi pembeni. Watoto wakifika hapo wanazishika kwanza kabla hawajaangalia picha. Hati yenyewe ni ya baada ya Azimio la Arusha, 1967, serikali ilipotaifisha mashamba mengi ya mkonge, na shangazi anakumbuka kabisa nyumbani watu walivyokuwa wanaongea kwa sauti ya chini jioni, hawajui kazi itabaki au haibaki. Nimeyaandika kama alivyoyasema, sijayasafisha.

Bibi alikuwa mtu wa Wete, Pemba, akaolewa kuja Tanga. Picha yake ya usichana ina muhuri nyuma, Capital Art Studio, ile ya Mji Mkongwe aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Geuzeni picha zenu jamani! Muhuri wa studio, jina la kampuni ya karatasi, kingo zilizokatwa menomeno, vyote hivyo vinakusaidia kukisia ni miaka ya ngapi. Hata stempu, kama barua ina stempu imeandikwa Kenya Uganda Tanzania kwa pamoja ujue ni enzi za Jumuiya ile ya zamani ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977.

Kaka zake bibi walihamia Maskati, Oman, baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia na watu wengi wa visiwani wenye asili ya kule wakahamia huko. Barua zao bibi alizitunza zote, na zake alikuwa anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama wazee wengi wa pwani waliosoma chuo cha Kurani. Sisi wajukuu hatuwezi kuzisoma hivihivi, kwahiyo mwalimu wa madrasa mtaani alikaa na sisi akasoma kwa sauti, mmoja anarekodi kwenye simu, mwingine anaandika. Nusu ya barua ni salamu, fulani anakusalimu na fulani naye anakusalimu sana, na zile salamu ndo zimetupa majina ya watu ambao hata shangazi alishawasahau.

Halafu kanga. Bibi alikuwa na doti jina lake "Japo sipati tamaa sikati", aliinunua kipindi ameolewa miaka na hajapata mtoto na maneno ya watu yamekuwa mengi. Hakumjibu mtu, alijifunga ile kanga akaenda nayo harusini. Kipande kimoja bado kizima, hicho hatujakigusa, kingine kilishachanika kwa kubebea watoto, humo ndo tumekata pindo kidogo pamoja na jina tukalishonea kwenye karatasi.

Kuhusu kutunza, nawaomba sana, msipeleke picha za zamani steshenari kupigwa lamineshen, moto ule na ile plastiki haitoki tena. Na zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunua zinakula picha taratibu, kama unazo anza kwa kupiga picha ukurasa ukiwa hivyohivyo, halafu pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha polepole, ukiona inagoma acha. Sisi tunatumia kona za karatasi tunakunja wenyewe, gundi haigusi picha, na karatasi ni ile isiyo na asidi ya maduka ya vifaa vya sanaa. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini pembezoni, peni inapenyeza. Gazeti linakuwa njano na kuchafua kinachokaa karibu nalo, kwahiyo bandika kopi. Na pwani hii unyevu na mende ndo maadui wakubwa, usiweke chini wala ukutani kwenye fukuto. Kila kitu tumekiskani kwanza ndo tukabandika, simu zinaibiwa, nyumba zinaungua.

Kitu kimoja tulibishana sana, picha ya bibi kichwa wazi, nywele zimesukwa, anacheka. Nzuri mno. Ila alikuwa mtu wa kujistiri maisha yake yote na shangazi hakutaka ionwe na kila mtu, kwahiyo ipo ndani ya bahasha imeshonewa ukurasani, wanawake wa ukoo wanafungua, na kwenye grupu la WhatsApp haiendi. Mimi naona sawa kabisa.

Idi hii tunakutana Tanga, wa Pangani wanakuja na mfuko wao wa picha na wa Maskati wameshatuma skani. Kila nyumba itapata kopi ya rangi, ya asili inabaki kwa shangazi, ameshasema na hakuna aliyebisha.