Mbuzi Isiyo na Meno

Mwaka 2006 nilikuwa nikiandika uhakiki wa vitabu kwenye ukurasa wa mwisho wa jarida moja hapa Dar es Salaam. Mhariri wangu, dada mmoja mtu mzima, alikuwa akivinunua vitabu vyenyewe kwa wauza mitumba wanaovitandaza kando ya barabara kule Posta. Agosti ile alinikabidhi viwili kwa mpigo: riwaya ya Neal Stephenson iitwayo Snow Crash, iliyotoka 1992, na Drawing on the Right Side of the Brain, kitabu cha Betty Edwards cha mwaka 1979 kinachofundisha kuchora. Akasema, "Vyote viwili, ukurasa mmoja, Ijumaa."

Riwaya niliimaliza kwa siku tatu. Ulikuwa mwaka wa mgao, maji yamepungua mabwawani, na kwetu Temeke umeme ulikuwa ukirudi watu wameshalala. Nikasoma kwa chemli habari za watu wanaovaa miwani na kujikuta ndani ya mji uliotengenezwa na kompyuta. Jina la Metaverse ndimo lilimoanzia. Mji huo una barabara moja kuu yenye urefu wa kilomita 65,536, na anayeingia hujichagulia umbo analotaka. Hiro, shujaa wa riwaya, anapeleka piza na kulala kwenye chumba cha kuhifadhia mizigo Los Angeles, lakini akishavaa miwani yake ana nyumba ya kuonewa wivu.

Kuna mahali niliposimama nikasoma mara mbili. Wanaoingia katika mji ule kwa mashine za umma, zile za bei rahisi, huonekana bila rangi, wenye chenga kama televisheni ya zamani, na wenye mashine zao huwadharau. Watu hao niliwajua. Nilikuwa mmoja wao kila Jumamosi kwenye intaneti kafe ya Kariakoo, nikilipia nusu saa na ukurasa mmoja haujamaliza kufunguka. Mkongo wa Seacom, ule wa intaneti upitao chini ya bahari, ulikuwa bado miaka mitatu kuletwa. Niliandika aya nzima kuhusu watu wa chenga. Ikakatwa kupisha tangazo, na mpaka leo naisikitikia, kwa sababu ndimo riwaya ilimosema kweli kubwa kuliko miwani yote. Katikati inachosha. Mkutubi wa kompyuta anamsomesha Hiro habari za Wasumeri, watu wa kale wa Iraq ya leo, kurasa kwa kurasa, na hadithi inangoja nje.

Kitabu cha kuchora nilikipitia juujuu, nikakiandikia sentensi nne. "Kinafaa kwa wanaoanza." Alhamisi nikapeleka.

Dada alisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho akaniuliza, "Umechora?"

"Hapana, dada. Nimekisoma."

"Basi hujakisoma, mdogo wangu. Kachore, uniletee kesho asubuhi." Hakufoka. Alinirudishia karatasi na kitabu, akaendelea na kazi yake.

Nikaenda nyumbani nimenuna, lakini nikakaa kibarazani nikafanya alichotaka. Edwards anadai tusiojua kuchora tunakwamishwa na macho: tunachora tunachokijua badala ya tunachokiona. Ndiyo maana anakupa picha ya mtunzi wa muziki Stravinsky aliyoichora mchoraji Picasso, anakwambia uigeuze kichwa chini, miguu juu, ndipo uinakili. Nikaigeuza. Sikujua tena kipi ni kidole na kipi ni mkunjo wa suruali, nikawa nafuata mstari tu. Nilipoigeuza sawa, mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono imepishana, na ni mkono wangu uliomchora! Maelezo ya Edwards, kwamba upande wa kushoto wa ubongo hutaja majina na wa kulia ndio unaoona na kuchora, wanasayansi wengi wanaona yamerahisishwa mno, na niliyataja hayo. Lakini zoezi linafanya kazi.

Zoezi jingine linakutaka uchore kiti bila kuchora kiti: unachora nafasi tupu zilizo kati ya miguu yake. Nikachukua mbuzi ya mama ya kukunia nazi. Nikachora pembetatu za hewa zilizo chini ya kikalio, pale miguu inapopishana, na mbuzi ikajitokeza yenyewe. Bawaba ya upande mmoja ilikuwa imefungwa kwa msumari uliopindwa. Mbuzi ile niliikalia tangu utotoni, na msumari ule sikuwahi kuuona.

Mama akatoka jikoni na nazi iliyopasuliwa.

"Bado unayo mbuzi yangu?"

Nikamwonyesha karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, kisha akaweka kidole kwenye ncha ya chuma.

"Mbona haina meno? Hii haikuni."

Kweli haikuwa nayo. Nilikuwa nimechora nusu duara laini, kwa kuwa najua chuma cha mbuzi ni cha mviringo. Nikainama nikatazama. Meno ya katikati yalikuwa yamelika yakawa butu, ya pembeni bado makali, na jino moja la kushoto limelala kabisa. Kati ya mawili lilikuwa limenasa chicha la jana, limekauka.

Nikafuta. Nikaanza upya, jino moja baada ya jingine, na mama akavuta kigoda akakaa, nusu ya nazi mkononi, akinisubiri.