Moduli yenye majina mawili

Mwaka 2014 nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye chuo kimoja hapa Dar, na mashine za chumba cha matokeo zilikuwa za Linux. Bosi akatoa amri, hataki flashi yoyote ichomekwe mle ndani, basi kazi akapewa kaka mmoja tuliyekuwa naye, mtu wa skripti kwelikweli, akaandika kiskripti chake kinaangalia lsmod, amri inayoorodhesha moduli (vipande vya programu vinavyopakiwa kwenye keneli, yaani kiini cha Linux), kila baada ya muda, kikikuta usb-storage, moduli ya kusoma flashi, kinaitoa na kuandika ripoti. Ripoti ilikuwa safi kila siku, bosi anafurahi.

Siku moja nikaingia nikamkuta mhasibu anaprinti kutoka kwenye flashi, kwenye mashine hiyohiyo, hana hata wasiwasi. Nikamwita kaka. "Haiwezekani," anasema, "skripti inasema hakuna kitu." Nikaandika lsmod mbele yake, tukaanza kushuka na orodha mpaka hiyo hapo: usb_storage. Kistari kimeshuka chini! Kaka akanyamaza, akaenda kutafuta faili kwenye /lib/modules, folda la mafaili ya moduli, akakuta usb-storage.ko, kistari cha katikati kama alivyoandika yeye, akazidi kukasirika.

Kumbe ni kama mtu mwenye jina la cheti na jina la mtaani. Faili linaitwa vyovyote mwandishi wake alivyopenda, ila jina la moduli huwa linaingizwa ndani ya kodi ya C, lugha ya programu iliyoandikia keneli, na kwenye C kile kistari ni alama ya kutoa, kwa hiyo wakati wa kujenga keneli vyote vinageuzwa kuwa vya chini. Modprobe, amri ya kupakia moduli, yenyewe haijali, mpe usb-storage au usb_storage anaelewa, ndo maana watu wengi hawashtuki. Grep sasa, amri ya kutafuta maneno iliyokuwa ndani ya kiskripti cha kaka, haina huruma hiyo, inatafuta herufi ulizompa basi. Na wala usidhani kuna utaratibu mmoja, watu wa sauti wana snd-hda-intel, watu wa netiweki wana nf_conntrack, kadi za netiweki za Realtek zina 8139too inayoanza na namba kabisa, yaani kila mtu na mila za kwao.

Tukaachana na kuviziana na lsmod. Kuweka blacklist, yaani orodha ya moduli zilizokatazwa, peke yake kulikuwa hakutoshi maana inazuia tu moduli kujipakia yenyewe, mtu akiiita kwa jina inakuja, so tukaongeza mstari wa install usb-storage /bin/false, yaani modprobe ikiambiwa ipakie moduli hiyo iendeshe programu inayoshindwa tu badala yake. Bado ikagoma! Kaka alikuwa ameliita faili zuia-flashi tu, na kwenye /etc/modprobe.d, folda la mipangilio ya modprobe, faili lisiloishia na .conf halisomwi, nalo jina tena aisee. Tukabadilisha, tukaitoa ile iliyokuwa imeshapakiwa, tukachomeka flashi, kimya.

Mhasibu akauliza sasa yeye ataprinti vipi. Kaka akamwambia, "Muulize bosi."