Siku Moja Maishani Mwangu: Ndege Iliyopigwa na Radi

Saa kumi na moja alfajiri, wakati wa masika, mvua ya usiku ilikuwa haijakatika nilipoingia zamu katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Mimi ni fundi wa ndege.

Saa moja asubuhi Boeing 737 ilitua kutoka Nairobi, na Kapteni alikuwa ameandika katika daftari la ufundi kwamba radi imeipiga ndege ikishuka. Abiria waliona mwanga na kusikia kishindo, basi. Ndege ya abiria hupigwa na radi kwa wastani mara moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo tukio lenyewe halimshtui fundi. Kinachotuamsha ni tangi la mafuta, kwani katika ndege hii bati la bawa ndilo ukuta wa tangi.

Saa mbili tuliitafuta njia uliyopita umeme. Radi hupenda ncha: pua, ncha za mabawa, mkia. Kwa kuwa ndege husonga huku umeme ukiishikilia, radi ilikuwa imeacha nukta nyeusi ubavuni kushoto, kila moja ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, na vichwa vya ribiti mbili, yaani misumari inayoshikilia bati, vilikuwa vimeyeyuka pembeni. Umeme ulikuwa umetokea nyuma ya bawa la kushoto, ambako kijiti kimoja cha kutolea umeme tuli kiliungua.

“Fundi, si hivi ndivyo vinavyozuia radi?” aliuliza mwanagenzi wangu.

“La. Hivi kazi yake ni kuondoa umeme tuli unaovuruga redio. Radi haina habari navyo.”

Tangu saa tatu hadi saa sita tulikuwa chini ya bawa hilo. Radi kali inaweza kufika ampea 200,000, ilhali cheche ya jouli 0.0002 inahesabiwa kuwa inatosha kuwasha mvuke wa mafuta. Kwa hiyo hatujaribu kuuzuia umeme, bali tunaupa njia pana ya chuma upite nje bila kuruka penye mwanya wowote ndani ya tangi. Ndiyo maana bati la alumini hapo huwa nene kiasi cha milimita 2 lisitobolewe, ribiti na bolti huzibwa kwa gundi maalumu upande wa ndani, na tundu la kupumulia la tangi huweza kuwekewa kizuia moto. Mwaka 1963, karibu na Elkton, Maryland, radi iliwasha mvuke katika tangi la bawa la kushoto la Boeing 707 ya shirika la Marekani la Pan Am, na watu wote 81 wakafa. Kanuni nyingi tunazozifuata zina mizizi hapo.

Baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limetoka, nilimweleza mwanagenzi kwamba tangi lililokaribia kuwa tupu ndilo linalotisha zaidi, kwa kuwa limejaa mvuke na hewa. Mlipuko wa ndege ya Marekani, TWA 800, wa mwaka 1996, uliowaua watu 230, haukutokana na radi, lakini ulianzia katika tangi la katikati lililopashwa joto na mashine za kupozea hewa zilizo chini yake. Siku hizi ndege nyingi hujaziwa naitrojeni katika tangi hilo ili oksijeni ishuke chini ya asilimia 12.

Saa tisa tuligundua mkanda wa shaba iliyosukwa, unaopitisha umeme kati ya bawa na kibawa cha kuilaza ndege upande, ukiwa umekatika nyuzi. Tulifunga mpya, lakini kipimo cha miliohmu, kinachoonyesha kama umeme unapita bila kizuizi, kilikataa. Hapa Mombasa mimi humshuku chumvi kwanza: hewa ya bahari hula kiungo polepole, na kutu huzuia umeme. Tulikwangua rangi na kutu hadi chuma kikang’aa, tukakaza bolti, tukapima tena, kipimo kikakubali, kisha tukapaka dawa ya kuzuia kutu.

Saa kumi na moja jioni meneja wa zamu aliuliza kwa mara ya tatu kama abiria wapande. Ribiti mbili zilikuwa zimebadilishwa na kijiti kipya kimefungwa. Nilitia sahihi, kisha nikaagiza mikanda ya bawa la kulia ipimwe wiki hiyohiyo, ingawa radi haikuligusa.