Nilivyonunua apatimenti ya chumba kimoja Upanga, ghorofa ya tisa

Mjomba alipiga hesabu kabla sijamaliza kusema. Kwa hela hiyo, akaniambia, unapata kiwanja Bunju, unajenga vyumba vitatu, unazungusha ukuta na chenji inabaki ya banda la kuku. Hakukosea. Anayetafuta nafasi kubwa kwa bei nafuu hana cha kufanya Upanga. Lakini mimi nafanya kazi ya famasia kwa zamu, nyingine zinaisha usiku wa manane, naishi peke yangu, na nilikuwa nimechoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa mwenye nyumba anayepandisha bei kila mkataba unapoisha.

Tangazo lilisema chumba kimoja, sebule yenye jiko humo humo, lifti mbili, maegesho ya gari moja, mandhari ya bahari. Dalali alinivuta moja kwa moja dirishani. "Dada, ona mwenyewe, Daraja la Tanzanite lile pale." Kweli lilionekana, na nakiri linapendeza. Ila bahari haiandikwi kwenye hati, na kiwanja kilicho mbele yetu kikijengwa ghorofa kumi na tano kesho hakuna wa kumshitaki.

Bei ilikuwa kwa dola, ingawa kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Nilimwambia dalali aniletee bei ya shilingi na iandikwe hivyo kwenye mkataba. Alilalamika kidogo, akaleta.

Sasa niseme kitu ambacho naona wanunuzi wengi wa mjini wanakipita haraka. Kiwanja kina mawe ya mipaka, unayaona. Kwenye ghorofa, kilicho chako peke yako ni kile kilichomo ndani ya kuta zako. Ngazi, lifti, paa, matangi, jenereta na ardhi yenyewe mnamiliki kwa pamoja na majirani ambao hukuwachagua. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 ndiyo inayompa kila mwenye sehemu hati yake, ile tunayoiita hati pacha, pamoja na fungu lake katika mali ya pamoja na nafasi yake katika jumuiya ya wamiliki. Kabla ya hapa nilikuwa nimeona apatimenti Masaki, kubwa zaidi na bei imelegea. Nilipouliza hati pacha nikajibiwa kwamba "ipo kwenye mchakato". Jengo lilikuwa na watu ndani kwa miaka, hati ni moja tu, ya mjenzi, na wanunuzi wameshika mikataba ya karatasi. Nikaaga.

Kwa hiyo hapa Upanga nililichunguza jengo kwanza, chumba baadaye. Nilikwenda bila dalali, jioni watu wanaporudi kazini, nikasimama pale lifti inapoitwa. Moja ilikuwa inafanya kazi, ya pili ina karatasi mlangoni. Mlinzi akanipa ushauri bora kuliko wote nilioupata katika shughuli nzima: "Dada, usiniulize mimi. Muulize anayewasha jenereta." Fundi wa jengo alikuwa chini kwenye pampu. Ndiye aliyenieleza kwamba kisima kipo lakini maji yake ni ya chumvi, kama visima vingi vya karibu na bahari, yanakwenda vyooni tu. Ya kupikia ni ya DAWASA, yakikatika wanaita boza. Lifti ya pili ilikuwa inasubiri kipuri, kimeshalipiwa. Pampu ya kupandisha maji imezeeka na wamiliki wanabishana nani atoe hela.

Mwenyekiti wa jumuiya, mzee mmoja mstaafu, alishangaa nilipomwomba hesabu za dizeli. Sikutaka za mwezi uliopita. Nilitaka za ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, uliotusumbua mpaka mashine ya kwanza ya Bwawa la Nyerere ilipowashwa Februari 2024, na matumizi ya maboza ya Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likapewa maji kwa ratiba. Jengo lolote linajitegemea umeme ukiwepo. Alifungua faili. Dizeli ilinunuliwa, michango ya kawaida haikutosha, wakachangishana zaidi, na majina ya waliogoma kulipa yameandikwa kwa wino mwekundu. Wachache. Hapo ndipo niliposadiki kwamba jumuiya hii ipo kweli.

Kuna jingine lililokuwa linanikaa rohoni. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na hapa, lilianguka na kuua watu 36. Wakili wangu alitafuta kibali cha ujenzi tukalinganisha ghorofa zilizoidhinishwa na zilizosimama. Zilikuwa sawa. Akafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati: jina la muuzaji ndilo, rehani hakuna, zuio hakuna.

Muuzaji alikuwa baba wa makamo anayeishi Tabata na familia yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, naye akasema hii haikuwa nyumba ya ndoa, aliinunua ili aipangishe. Wakili akamjibu kwa adabu kwamba hata hivyo saini ya mama tunaitaka. Mama akaja. Nikamwamkia, akaitikia, akazunguka pote, jambo ambalo halichukui muda, kisha akaniuliza: "Mwanangu, sufuria ya pilau utaipitisha wapi humu?" Akasaini.

Benki ilinipa sehemu ya fedha kwa mkopo wa nyumba, nyingine ni akiba na kiwanja nilichouza. Msichokitarajia ni kwamba benki haikopeshi kwa bei mliyokubaliana. Mthamini wao anaandika thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka, na wao wanatazama ile ndogo. Pengo linalobaki ni lako. Nilikwenda na karatasi ya mthamini kwa muuzaji, sikumficha, akapunguza kiasi. Si kingi, ila kilitosha kulipa ushuru wa stempu, asilimia 1, na wakili. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, ilikuwa juu yake, tukaandika hivyo kwenye mkataba ili lisizuke neno TRA.

Kipindi kigumu kilikuwa katikati, kusubiri kibali cha kuhamisha milki. Benki haitoi hela mpaka hati iwe na jina langu na rehani isajiliwe. Muuzaji naye anaona anakabidhi hati huku mkononi ana malipo ya awali tu. Alinipigia karibu kila asubuhi. Kilichomtuliza ni barua ya benki ya kuahidi kumlipa yeye moja kwa moja, aliyoisoma mbele ya wakili wake.

Nimeshahamia. Kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku ninaponunua umeme, sevisi chaji, yaani mchango wa kuendesha jengo, nalipa kila robo mwaka. Mkutano wangu wa kwanza wa wamiliki ulikuwa juu ya ile pampu. Wa ghorofa za chini walisema maji kwao yanafika vizuri, sisi wa juu tukasema yetu. Mwenyekiti akasoma makadirio matatu ya bei, tukapiga kura, tukashinda kwa kura chache. Mchango umepanda, na jirani wa ghorofa ya pili bado hajaanza kunisalimia.